Chai haina sukari, mbona sukari imepanda?

Kaa asubuhi kwenye kibanda chochote cha chai, iwe Tandika au Kongowea, na hutakosa kumsikia mtu akisema: "Mama, yangu usitie sukari, nina kisukari. Na chapati mbili." Anakunywa chai yake, anamaliza chapati zake, anaondoka akiamini ametii masharti yote ya daktari. Saa mbili baadaye anajipima, mashine inasoma 15 (milimoli kwa lita, kipimo cha namba zote za mashine humu), naye anabaki kujiuliza amekosea wapi.

Huyu si mzembe. Amelifuata jina la ugonjwa. Neno "kisukari" limetufundisha kuwa adui anakaa kwenye kopo la sukari, na kwamba ulimi ndio mlinzi wetu: kitamu ni hatari, kisicho kitamu ni salama. Lakini kinachoamua sukari ya damu itapanda kiasi gani ni wanga uliomo kwenye chakula chote, na chapati ina wanga mwingi kuliko chai yoyote utakayotengenezewa kibandani.

Wanga ni sukari iliyofungwa. Uuone kama kamba ndefu ya shanga, na kila shanga ni glukosi, sukari ile ile ambayo mashine inaipima kwenye tone la damu. Chukua kipande cha mkate mkavu ukitafune taratibu kwa dakika moja bila kumeza: kitaanza kuleta utamu kwa mbali. Ni mate yako yameanza kuikata kamba. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilasi, na kazi iliyoanzia mdomoni humaliziwa kwenye utumbo mwembamba. Chapati inapofika huko, karibu kila shanga yake inaingia kwenye damu ikiwa glukosi.

Sukari ya mezani nayo ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na fruktosi hupita kwanza kwenye ini. Ndiyo maana mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walipovipanga vyakula kwa kasi yao ya kupandisha sukari ya damu, mkate mweupe ulikaa juu ya sukari yenyewe. Watu wengi walishangaa wakati ule, na nadhani wengi bado wangeshangaa leo.

Sasa tupige hesabu ya mteja wetu wa kibandani. Unga wa ngano, kwa kila gramu 100, una wanga wa gramu 75 hivi, yaani robo tatu yake. Kilo moja ya unga ina gramu 750. Tuseme mama wa kibanda anatoa chapati 15 kwenye kilo. Gawa 750 kwa 15, unapata gramu 50 kwa chapati moja. Chapati mbili ni gramu 100. Na ile sukari aliyoikataa? Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa sawa bila kilima, ni gramu 4. Angetia viwili, zingekuwa gramu 8. Amekataa 8, akala 100.

Ili uone uzito wa hiyo 100, linganisha na damu yenyewe. Mtu mzima mwenye lita tano hivi za damu, sukari yake ikiwa 5 kwenye mashine, ana glukosi isiyofika gramu 5 katika mzunguko wote wa damu. Ni kama kijiko kimoja cha chai. Mwili usio na kisukari hupokea gramu 100 za wanga bila taabu kwa sababu kongosho hutoa insulini papo hapo, na insulini huifungulia glukosi njia ya kuingia kwenye misuli na kwenye ini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe. Mwenye aina ya pili anayo, lakini haitoshi au mwili hauisikii vizuri. Kwa wote wawili, kila gramu inayoingia ina maana.

Hapo ndipo kuhesabu wanga kunapoanzia. Wenzetu wa nchi nyingine walitafuta kipimo kinacholingana na meza zao. Wajerumani walichukua "kipimo cha mkate", gramu 12 za wanga. Marekani wanahesabu kwa mafungu ya gramu 15, Uingereza kwa gramu 10. Vijitabu vingi tunavyopewa vimetokana na vipimo hivyo, kwa hiyo vinakuambia habari za slesi na vikombe vya tambi. Mimi naona hapo ndipo tunapowapoteza wagonjwa wetu. Nyumba ngapi hupima wali kwa kikombe? Na ugali unaoliwa na watu watano kwenye sinia moja, utaupima kwa nini?

Jibu langu ni tonge.

Kila mtu ana tonge lake. Mkono umezoea, haubadiliki sana leo na kesho. Nunua au azima mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia keki. Siku unayosonga ugali, pima unga kabla ya kuutia kwenye maji. Tuseme umetumia nusu kilo ya sembe: robo tatu yake ni wanga, gramu 375. Ugali ukiiva, upime. Tuseme umetoka kilo moja na nusu, maana maji yameongeza uzito lakini hayakuongeza wanga. Gawa 375 kwa 1,500: kila gramu 100 za ugali wako zina wanga wa gramu 25. Sasa mega matonge matano kama unavyomega siku zote, yaweke yote kwenye mizani, gawa kwa tano. Likitoka tonge la gramu 40, basi tonge lako moja lina wanga wa gramu 10. Kuanzia hapo unaweza kukaa sinia moja na watoto na wageni, hakuna anayejua kama unahesabu, nawe unajua kuwa matonge sita ni gramu 60.

Ugali wa kwenu ukiwa laini zaidi, namba itashuka. Ukiwa mgumu wa kukatwa kwa kisu, itapanda. Ndiyo maana nasisitiza upime wako, usiazime namba ya jirani. Hesabu hiyo hiyo hufaa kwa maandazi, ila huko usisahau kujumlisha sukari ya kwenye unga, maana katika hesabu hii sukari nayo ni wanga: kilo ya ngano na gramu 150 za sukari ni wanga wa gramu 900, na wakitoka maandazi 40, kila moja lina gramu 22 na kidogo. Kwa wali, pima mchele mkavu, ambao asilimia 80 hivi ni wanga, kisha uhesabu chungu chote kinatoa pawa ngapi. Kilo ya mchele ikitoa pawa 20, kila upawa ni gramu 40. Pilau na wali wa nazi hesabu yake ni ile ile, isipokuwa mafuta huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo sukari inaweza kupanda baadaye kuliko ulivyotarajia na kukaa juu muda mrefu.

Swali linalofuata siku zote ni la dona. "Nimeacha sembe, sasa nala dona, kwa nini haishuki?" Dona ni bora, hilo halina ubishi: ina nyuzinyuzi zaidi na virutubisho vilivyokuwa vikitupwa na pumba. Nyuzinyuzi hazigeuki glukosi, na hupunguza kasi. Lakini wanga uliobaki kwenye dona unakaribiana sana na wa sembe, na mtu akiambiwa dona ni dawa huongeza matonge manne bila kujua. Mtama na uwele ni vivyo hivyo. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Asali, ambayo watu huiheshimu kama dawa, ina wanga wa gramu 17 hivi kwenye kijiko kimoja cha chakula, mara nne ya kijiko cha chai cha sukari. Uji ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu unga umeshapikwa ukalainika na hautafunwi, hivyo hupita haraka.

Matunda nayapitia kwa haraka: chungwa la wastani ni gramu 15, ndizi mbivu ya wastani 27, embe gramu 15 kwa kila gramu 100 za nyama yake. Tende ndogo moja ni gramu 5, zile kubwa nene zinafika 18, tofauti ambayo mwenye kufuturu anapaswa kuijua. Tunda zima ni afadhali kuliko juisi yake, maana glasi moja hubeba machungwa matatu na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 na ushee.

Maharage, kunde na choroko vinahitaji neno zaidi kwa sababu wengine huvihesabu kama nyama. Nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina wanga wa gramu 20 hivi, lakini 6 au 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na kilichobaki huingia polepole. Ni chakula kizuri sana kwa mwenye kisukari, mradi kihesabiwe. Mchicha, sukuma wiki, kisamvu, matembele na bamia vina wanga kidogo sana. Samaki, nyama na mayai havina, au vina kidogo mno, isipokuwa vimechovywa kwenye unga. Maziwa yana gramu 12 kwa kikombe, na kuondoa mafuta hakuziondoi.

Sasa, ukishajua gramu zako, unazifanyia nini? Inategemea dawa unayotumia, na hapa naomba usome taratibu.

Anayechoma insulini ya haraka kabla ya kila mlo hupangiwa na kliniki uwiano wake, kwa mfano uniti moja kwa kila gramu 10 za wanga. Matonge sita, gramu 60, uniti sita. Huo ni mfano tu, uwiano wa mtu mmoja unaweza kumwangusha mwingine. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoa matokeo yake mwaka 1993 ulionyesha kwamba kwa wenye aina ya kwanza, kuiweka sukari karibu na kawaida hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva, na kuhesabu wanga ni mojawapo ya njia za kufika huko.

Lakini wengi wetu hatutumii hiyo. Tunatumia insulini iliyochanganywa, inayochomwa asubuhi na jioni kwa dozi ile ile. Hapo dozi ndiyo imesimama, kwa hiyo chakula ndicho kinachopaswa kuifuata: wanga wa asubuhi uwe karibu sawa kila siku, na saa za kula zisirukwe. Wanaomeza glibenklamaidi nao wasiruke mlo, kwa sababu kidonge hicho huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hujala, na sukari ikashuka kupita kiasi. Anayetumia metformini peke yake ana nafasi zaidi ya kupunguza wanga bila hofu hiyo. Kubadili dozi yoyote ni jambo la kukaa na kliniki yako, ukiwa na daftari la namba zako mkononi.

Daftari hilo halihitaji vijiti vingi vya kupimia sukari, na najua vijiti ni ghali. Chagua mlo mmoja kwa wiki. Pima kabla ya kula, andika gramu ulizokula, pima tena saa mbili tangu ulipoanza. Kwa watu wazima wengi lengo huwa ni chini ya 10 baada ya chakula, ingawa mjamzito na mzee dhaifu hupewa malengo yao. Wiki hii chapati moja na mayai, wiki ijayo muhogo, ijayo wali. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitabu cha mwili wako ambacho hakuna mwingine angeweza kukuandikia.

Na siku mashine ikisoma chini ya 3.9, ukatetemeka, jasho likakutoka na moyo ukaenda mbio, hesabu inageuka. Sasa unahitaji gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyo sawa bila kilima, ndani ya maji, au nusu ya soda ile ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Mtu akizimia, asimiminiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Chapati ile iliyokupandisha hadi 15 haiwezi kukuokoa hapa: kamba yake bado inahitaji kukatwa, na mafuta yake yanaichelewesha. Ile uile baadaye, sukari ikisharudi.