Kile cheupe kileleni Lengai si theluji

Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, mlima Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, ukijitokeza tu mbele ya gari, hakosi mtu wa kunyoosha kidole: "Tazameni, theluji!" Safari yetu alikuwa kijana wa kiti cha nyuma, na nusu ya gari ikamuunga mkono.

Si theluji. Mlima una mita 2,962 tu, na kwa ukanda huu urefu huo hauwezi kuhifadhi theluji. Weupe ule ni zaha (lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayotoka mlimani) iliyopauka. Na zaha yenyewe ni ya ajabu, maana hakuna volkano nyingine iliyo hai duniani inayotoa ya namna hii: silika, ile inayounda mchanga, karibu haimo kabisa, na badala yake imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisi. Ni ukoo mmoja na magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Hutoka ikiwa nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari. Ikishapoa na kupata unyevu wa hewa, huanza kupauka ndani ya saa chache, na baada ya siku kadhaa utadhani mtu kamwaga chokaa. Moja ya madini yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Shuleni hatukuambiwa hilo.

Kuna wanaosema zaha ya Lengai ni "baridi". Ni baridi ukiilinganisha na ya Hawaii inayopita nyuzi 1,100 za Selsiasi. Hii ya kwetu huwa kati ya nyuzi 500 na 600. Mafuta ya kukaangia chipsi hayafiki hata 200, na unajua yanavyobabua. Kibaya zaidi, mchana haionyeshi ule wekundu wa kwenye picha. Unaona kitu kama tope bichi, na tope halimtishi mtu.

"Mlima mfupi huo, mimi nimepanda Kilimanjaro," alisema bwana mmoja wa msafara wetu. Haya. Tulianza saa sita usiku ili tusikutwe na jua njiani, na hadi alfajiri hatukupata mahali pa tambarare hata pa kutandika khanga. Ni mwinuko mtupu. Unakanyaga, majivu yanamomonyoka, mguu unarudi ulikotoka. Maji hakuna, ni yale uliyobeba. Kushuka ndiko kulikotuvunja: yule bwana wa Kilimanjaro sehemu nyingine aliteremka kwa makalio, na viatu vyake vyeusi vilifika chini vyeupe pe.

Halafu kuna dhana kwamba mlima ukiwa kimya umelala. Julai 2007 mitetemeko ya hapa ilisikika hadi Nairobi. Septemba mwaka huohuo mlima ukalipuka, ukawa ukirusha majivu kwa miezi hadi 2008. Kasoko, lile bakuli la kileleni, iliyokuwa imejaa zaha hadi kumwagika ukingoni ikageuka shimo refu, na tangu hapo zaha imekuwa ikichemka na kujaza tena kutoka chini. Ukingo wa shimo hilo hauna uzio. Kiongozi Mmaasai akikwambia usisogee, usimbishie kwa ajili ya picha.

Wengine huamini gesi mbaya utaijua kwa harufu. Ile ya salfa, sawa, inanuka kama yai viza. Lakini volkano hii hutoa pia kaboni dayoksaidi kwa wingi, nayo haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni. Watu wa Goma huko Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo, wanaijua vizuri. Wanaiita mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kama lilivyo. Usilale shimoni.

Mchana tulishuka Ziwa Natron, na hapo kijana wetu akakataa kuvua viatu. Alikuwa ameona mtandaoni kwamba maji ya Natron humgeuza kiumbe jiwe papo hapo. Zile picha ni za mizoga: ndege akifa, magadi humkausha na kumhifadhi kama samaki wa chumvi. Maji ni makali kweli, yanachoma jeraha na macho. Ila huko mbele yake, kwenye maji hayohayo, walikuwa wamesimama heroe wadogo, ndio hao flamingo, wameinamisha vichwa wanakula. Kwa Afrika Mashariki, Natron ndiko wanakozaliana kwa uhakika, kwa sababu fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga tope lile kufuata mayai.

Viatu hakuvivua.