Ucheleweshaji katika mifumo ya udhibiti, na kwa nini si ulegevu

Mfumo wa udhibiti kwa mrejesho ni ule unaopima matokeo yake wenyewe na kuyatumia kurekebisha kinachoingia. Ni wa mstari iwapo kuongeza kiingizo maradufu huongeza matokeo maradufu, na ni thabiti iwapo ukiyumbishwa kidogo hurudi mahali pake. Hayo yanatosha, kwa kuwa ubishi hauko hapo. Ubishi uko kwenye ucheleweshaji, sifa ambayo mafundi wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini humbandikia kila mtambo usio na haraka.

Tuchukue mfereji wa umwagiliaji kule Usangu, wenye lango kwenye banio, pale maji yanapochukuliwa mtoni, na bwawa dogo mwishoni. Mshika lango hupewa kipimo cha kina cha bwawa: kikipungua hufungua zaidi, kikizidi hubana. Ikiwa maji husafiri saa 2 kutoka banio hadi bwawani, basi kwa saa 2 nzima kina hakitaonyesha dalili yoyote ya alichokifanya. Huo ndio ucheleweshaji. Lakini kama bwawa lingekuwa jirani na banio, na lango likawa zito, linalofunguka taratibu kwa mota, maji yangeanza kuongezeka papo hapo, ila kidogo kidogo. Huo ni ulegevu, hata kama kujaa kwa bwawa kungechukua muda uleule.

Wanaosema tofauti hii ni ya vitabuni tu wangepiga hesabu kwanza. Tuseme lango limepangwa kufidia, kwa kila saa, sehemu k ya upungufu uliopimwa. Penye ulegevu wa lango peke yake, k yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri huacha mfumo ukiwa thabiti: kina kinaweza kupanda na kushuka, lakini mawimbi hufifia. Penye ucheleweshaji peke yake, k ikizidishwa kwa muda wa kuchelewa lazima ibaki chini ya 1.57, yaani nusu ya pai. Ikifika hapo, kina huyumba bila kukoma, na kila duru huchukua mara 4 ya muda wa kuchelewa, ambazo kwa mfereji wetu ni saa 8. Ikipita hapo, kila wimbi huwa kubwa kuliko lililotangulia. Sababu ni kwamba hali ya mfumo si kina cha bwawa tu, bali pia maji yote yaliyo njiani, ambayo kipimo cha bwawani hakiyaoni, na mshika lango asiyeyakumbuka huendelea kufungua wakati ya kutosha yameshatoka. (Malegevu matatu yakifuatana yanaweza nayo kuvuruga mfumo, jambo ambalo huwapa wabishi nguvu, lakini hata hapo kuchelewa kwa kweli hakujaingia.)

Hapo ndipo ustahimilivu, yaani uwezo wa mfumo kubaki thabiti hata hali ikibadilika, unapohitajika, maana muda wa safari haukai mahali pamoja: kiangazi maji ya mfereji hupungua kina na mwendo. Kwa k ya 0.6 na saa 2 tunapata 1.2, na mfumo ni thabiti. Safari ikirefuka hadi saa 3 tunapata 1.8, na lango lilelile, bila kuguswa na yeyote, linaanza kuvuruga bwawa. Udhibiti stahimilivu hupangwa kwa ucheleweshaji mrefu kuliko wote unaotarajiwa, kwa hiyo k ya 0.5 ingepita kwa shida na 0.3 ingekuwa ya busara. Mhandisi Otto Smith alipendekeza mwaka 1957 kidhibiti kinachobashiri athari ya yale yaliyo njiani, na ni kizuri kweli, ila kikipewa muda wa kuchelewa usio sahihi kinaweza chenyewe kuuyumbisha mfumo.

Fundi anayesema mtambo wake unachelewa hana haja ya kubishiwa. Aombwe tu abadili lango hatua moja, kisha ahesabu dakika hadi kipimo kianze kusogea: hizo ndizo za ucheleweshaji, na zinazofuata, kipimo kikiwa kinapanda taratibu, aziandike kwenye safu nyingine.