Sio kila shairi la utumwa lianze na "bwaga moyo"

Juzi nimeletewa tena mashairi matatu nirekebishe, yote matatu ubeti wa kwanza ni bwaga moyo ewe mtumwa, wa pili minyororo, wa tatu machozi. Jamani nshachoka. Nafundisha ushairi hapahapa Bagamoyo na hii ndo dhana inayonitoa roho, eti jina la mji ni kilio cha watumwa walioacha mioyo yao ufukweni, kwa hiyo ukiandika utumwa lazima uanze kwa kukata tamaa.

Sasa sikia. Karne ya 19 misafara ikitoka Tabora na Ujiji, wengi waliobeba pembe za ndovu ni wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi wengi tu, mtu katembea miezi na mzigo begani afu anaiona bahari, huyo analia nini? Anaimba. Kwake bwaga moyo ni tua, pumzika, umefika. Watumwa walipitishwa hapa, sikatai, ila bandari yao kubwa pwani hii ilikuwa Kilwa.

Na nani kawaambia mtumwa kwenye ushairi wetu kazi yake kulia tu? Kisa cha Fumo Liyongo, yule shujaa mshairi wa tenzi za pwani, mnakijua, kafungwa, chakula kizuri anacholetewa walinzi wanakila, anayekileta ni Saada, kijakazi wa mama yake. Liyongo akatuma ujumbe kwa wimbo, mama akaoka mkate wa wishwa, pumba zile, ndani kaficha tupa, kile chuma cha kukerezea. Walinzi kuuona wakaudharau, mpelekee mwenyewe. Usiku ngoma ya gungu inapigwa, vigelegele juu, Liyongo chini anakereza pingu hakuna anayesikia. Sa aliyepita na ile tupa katikati ya walinzi si Saada? Mbona hamumwandikii hata ubeti?

Mengine kwa haraka. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert sio wa utumwa wala sio wa 1961, ni Vita Kuu ya Pili, soma hata jina lote, 1939 hata 1945 imeandikwa palepale. Na Mjerumani hakufuta utumwa, alisema tu watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru, kufutwa kabisa Tanganyika ni 1922, Mwingereza keshaingia.

Haya, rudini mkahesabu kwa vidole. Kipande cha utenzi ni mizani nane, yaani silabi nane, "minyororo" peke yake imekula nne. Itoe, weka "tupa", mbili zinabaki.