Rais aliyekwisha kufunga maboksi

Mwezi Mei 2021 Rais wa Italia, Sergio Mattarella, alitembelea shule ya msingi mjini Roma. Aliwaambia watoto kwamba yeye ni mzee, na kwamba baada ya miezi minane ataweza kupumzika. Hakuwa akitania. Alitafuta nyumba ya kupanga mjini humo, na Januari iliyofuata msemaji wake akaweka mtandaoni picha ya maboksi yaliyofungwa tayari kuhamishwa. Tarehe 29 mwezi huohuo akachaguliwa tena kwa miaka saba mingine.

Nafundisha sheria ya katiba, na kisa hiki sikiachi kila nikifika kwenye desturi za kikatiba. Swali la kwanza darasani huwa lilelile: "Mwalimu, si ndiyo yaleyale ya kung'ang'ania madaraka?" Nalielewa. Tanzania na Kenya tumeweka ukomo wa mihula miwili kwa sababu rais wetu ana jeshi, hazina na serikali nzima mkononi. Rais wa Italia hana hivyo. Serikali inaongozwa na Waziri Mkuu, na chini ya ibara ya 89 hakuna waraka wa Rais wenye nguvu bila saini ya waziri anayebeba dhamana yake. Lakini Rais ndiye anayemteua Waziri Mkuu, na ndiye anayevunja Bunge. Siasa zikitulia, kazi yake kubwa ni kutia saini na kupokea wageni. Vyama vikikwama, ghafla nchi nzima inamtazama yeye.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948 inasema Rais huchaguliwa kwa miaka saba. Kuhusu kumrudisha haisemi neno. Haikatazi, hairuhusu. Wajerumani waliandika kwamba inawezekana mara moja tu kwa mfululizo, na Waayalandi nao waliandika mara moja tu. Waitalia waliacha kimya.

Kimya hicho lakini kina kivuli chake, na hapa ndipo penye utamu wa somo. Ibara ya 88 inamzuia Rais kuvunja Bunge katika miezi sita ya mwisho ya muhula wake. Wenyewe huiita nusu mwaka mweupe. Kwa nini wamfunge mikono? Kwa sababu wanaomchagua Rais ni wabunge wenyewe, pamoja na wajumbe 58 wa mikoa. Rais anayetamani muhula mwingine angeweza kulivunja Bunge lisilompenda akangojea jingine la kumbeba. Waliotunga kizuizi hicho walikuwa na hofu ya Rais kuchaguliwa tena, na huwezi kuhofia jambo ambalo umeshalikataza. Rais Antonio Segni aliliona hilo mapema. Septemba 1963 aliwaandikia wabunge akipendekeza Rais asichaguliwe tena mara tu amalizapo muhula, na nusu mwaka mweupe ufutwe, maana sababu yake ingekuwa imeondoka. Hawakufanya chochote.

Basi desturi ikakua yenyewe, au tuseme ilionekana inakua. Hapa sikubaliani na wanaosema tangu 1948 kulikuwa na mwiko. Marais wote waliondoka baada ya muhula mmoja, kweli, lakini angalia walivyoondoka. Segni mwenyewe alijiuzulu 1964 kwa maradhi. Giovanni Leone alijiuzulu 1978, miezi sita kabla ya wakati, akiandamwa na tuhuma. Wengine vyama havikuwataka tena. Jambo kujirudia peke yake halitoshi kuwa desturi ya kikatiba. Wahusika lazima waamini kwamba wanafungwa nalo. Na sioni aliyeitamka imani hiyo waziwazi kama Rais Carlo Azeglio Ciampi mwezi Mei 2006, muhula wake ulipokuwa unaisha. Vyama vilimwomba abaki. Akajibu kwamba watangulizi wake tisa hakuna aliyechaguliwa tena, kwamba hiyo imekuwa desturi yenye maana na ni vyema isivunjwe, na kwamba kurudia muhula mrefu wa miaka saba hakuendani na hali ya jamhuri. Akaenda zake.

Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa kuzaliwa kwa desturi hiyo. Iliishi miaka saba.

Aprili 2013 uchaguzi mkuu ulikuwa umeliacha Bunge vipande vitatu. Mgombea wa kwanza, Franco Marini, aliangushwa katika kura ya kwanza. Romano Prodi alifuata. Alihitaji kura 504 akapata 395, na wajumbe wapatao 101 wa upande wake mwenyewe walimkimbia gizani, kwa kuwa kura ni ya siri. Kesho yake viongozi wa vyama wakapanda kilima cha Quirinale, penye ikulu, kumsihi Rais aliyekuwa anamaliza muhula, Giorgio Napolitano, mzee wa miaka 87 aliyekwisha kukataa kurudi. Akakubali, akapata kura 738. Siku mbili baadaye, akihutubia Bunge, aliwakemea kwa kushindwa kazi yao. Wao wakawa wanampigia makofi! Akalazimika kuwaonya kwamba makofi hayo yasiwafanye wajisamehe. Januari 2015 akajiuzulu, na tukaambiwa ile ilikuwa dharura ya mara moja.

Ndiyo maana 2022 inaniuma zaidi. Safari hii hakuna chama kilichomtangaza Mattarella kuwa mgombea wake mwanzoni. Katika jumba la Bunge la Montecitorio kila mjumbe huingia kwenye kibanda, anaandika jina kwa mkono, kisha anadumbukiza karatasi kwenye chombo ambacho wenyewe hukitania kwa kukiita bakuli la kachumbari. Spika huzisoma moja moja kwa sauti. Nilizifuatilia kura zile siku baada ya siku. Kura ya tatu Mattarella alipata 125, ya nne 166, ya sita 336, ya saba 387. Viongozi walikuwa bado wanatupa majina na kuyachoma. Wabunge wa kawaida, wale wasioitwa vikaoni, walikuwa wanaandika jina lilelile tu. Katika kura ya nane zilifika 759, idadi ambayo tangu 1948 inapitwa na ile ya Rais Sandro Pertini peke yake. Kiongozi mmoja baada ya mwingine alikwishapanda kilimani tena, na mzee, kama ilivyoripotiwa, akasema alikuwa na mipango mingine lakini kama anahitajika yupo.

Sasa mwanafunzi wangu apime mwenyewe nani aling'ang'ania. Kwangu mimi jibu liko wazi: waliong'ang'ania ni wachaguzi. Na hatari yake ni tofauti na ile tuliyozoea huku. Uchaguzi wa Rais huyu ndio wakati adimu ambapo vyama hasimu hulazimika kukubaliana juu ya mtu mmoja. Wakijua kuna mzee wa kukimbilia, hawana haja ya kukubaliana. Na Rais aliyebembelezwa anarudi akiwa na nguvu ambayo katiba haikumpa: nani atathubutu kumpinga mtu ambaye yeye mwenyewe alimwomba kwa magoti? Namheshimu sana Mattarella, na sidhani angeweza kukataa siku ile bila kuiangusha nchi kwenye mgogoro. Ila desturi inayolindwa na "hapana" ya mtu mmoja inadumu kadiri mtu huyo atakavyoachwa aiseme. Ciampi aliachwa. Hao wawili hawakuachwa.

Ningependa waufufue ujumbe wa Segni kama ulivyo. Mattarella mwenyewe aliukumbusha Februari 2021, alipomuadhimisha Segni, na wengi tulichukua ile kuwa kwaheri yake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 3 Februari 2022, alikuwa anaapa. Muhula wake unaisha Februari 2029, akiwa na miaka 87, umri uleule wa Napolitano siku alipofuatwa. Ibara ya 85 bado inasema miaka saba, basi.