Kisukari na neva za utumbo: kwa nini githeri ya mchana bado iko tumboni usiku?

Utumbo una neva zake?
Ndiyo. Zaidi ya seli milioni 100 zimetandazwa kama wavu ndani ya ukuta wake. Ndizo zinazoamua misuli ibane lini na ilegee lini.

Vipokezi vya kinga vinafanya nini kwenye neva?
Vipokezi ni protini za seli zinazopokea ishara. Kimojawapo, TLR4, hutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Si askari wa kupambana na maradhi tu. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa panya wasio nacho wana upungufu wa neva zinazotoa naitriki oksidi, gesi inayolegeza misuli, na chakula chao husafiri polepole. Ishara kidogo za bakteria, basi, huzitunza neva hizo.

Kisukari kinaharibu nini hapo?
Sukari ikikaa juu kwa miaka, ukuta wa utumbo hudhoofika na kupitisha vipande vingi vya bakteria. Kipokezi kilekile, kikichokozwa mfululizo, huchochea uvimbe. Neva za naitriki oksidi huumia mapema, na mlango wa chini wa tumbo hukataa kulegea.

Mgonjwa ataona nini?
Amekula githeri saa saba mchana. Saa mbili usiku anaitapika punje kwa punje. Anashiba kwa matonge matatu. Hatari kubwa ni kwa anayejidunga insulini kabla ya kula: dawa imeshaanza kazi, chakula kingali tumboni. Sukari inaporomoka, kisha saa kadhaa baadaye inapaa. Ikishuka chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe, apime tena baada ya dakika 15. Mandazi hayafai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari. Akiwa amezimia, asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Tufanye nini?
Andika saa ya sindano, ya mlo na vipimo vyote, uvipeleke kliniki. Usibadilishe dozi mwenyewe. Daktari anaweza kupima kasi ya tumbo: chakula cha kipimo kikibaki zaidi ya asilimia 10 baada ya saa nne, limechelewa. Muulize pia kuhusu dawa unazotumia, maana baadhi hulichelewesha tumbo zenyewe.

Tatizo la tumbo kuchelewa likithibitishwa, kula milo midogo mitano au sita, punguza mafuta, na githeri ipumzike: maganda yake ni magumu kusagika. Viazi vya kuponda na supu iliyochujwa hupita kwa urahisi zaidi. Ushauri huu ni kinyume cha ule wa kula nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo usiuanze kabla ya kupimwa.