Je, wajua? Willowbrook haikufungwa na kipindi cha TV

Willowbrook ilikuwa taasisi ya jimbo la New York, Marekani, ya kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili. Ukikutana na picha zake mtandaoni, maelezo yake karibu yote ni haya: Januari 1972 mwandishi Geraldo Rivera akaingia na kamera, Marekani ikaona watoto wako uchi sakafuni, serikali ikaaibika ikafunga. Sivyo kabisa! Willowbrook ilifungwa 1987, yani miaka 15 baadae.

Tena siri yenyewe haikuwa siri. Taasisi yenyewe ilikuwa pale Staten Island, sehemu ya jiji la New York. Ilijengwa kwa watu 4,000 hivi, kufika 1965 wamejazana zaidi ya 6,000, na mwaka huohuo Seneta Robert Kennedy aliitembelea akayasema hadharani, magazeti yakaandika, kisha kimya. Hata Rivera aliingizwa na daktari aliyetoka kufukuzwa kazi humo, Michael Wilkins, ambae funguo alikuwa bado anazo. Wilkins ndo alieleza kwamba mtoto alipata kama dakika 3 za kulishwa maana wahudumu hawatoshi, na mtoto asiyeweza kumeza vizuri ukimlisha mbiombio chakula kinapita njia ya hewa, anapata nimonia, anakufa.

Kilichoisukuma serikali ni kesi ya wazazi wa waliowekwa humo, iliyofunguliwa Machi 1972. Na hata hiyo ilishinda kwa tundu dogo, kwa sababu 1973 jaji Orrin Judd alikataa kwamba kuna haki ya kikatiba ya kupewa matibabu, akakubali tu kwamba watu hao wana haki ya kulindwa wasidhurike. Kwenye hilo tundu wakapita, na 1975 jimbo likasaini makubaliano kuwa ndani ya miaka 6 wabaki watu wasiozidi 250.

Sasa mbona ikachukua muda wote huo? Chukulia umepanga chumba kinavuja. Hutoki leo, unatafuta kwanza kingine, upate hela ya kodi, mwenye nyumba akukubali. Sasa fanya hivyo kwa maelfu ya watu, wengi wanahitaji mtu wa kuwalisha na kuwaogesha, kila nyumba ndogo ipate wahudumu wake, na majirani mitaani wanapinga hadi 1978 ikatungwa sheria ya jimbo ya kuamua pingamizi zao. 1980 bunge la jimbo likainyima hela kamati iliyokuwa inasimamia makubaliano, miaka 6 ikaisha lengo halijafikiwa, na baadhi ya waliotolewa walipelekwa taasisi nyingine tu.

Sisemi kamera haikusaidia, bila zile picha pengine jimbo lisingesaini. Ila picha haimpi mtu kitanda kingine. Ulinzi uliodumu ni wa mahakama: amri ya kudumu ya 1993 inampa kila aliyekuwa kwenye ile kesi haki ya kuwa na mtu wa kusimamia huduma zake, na kuhudumiwa nje ya taasisi maisha yake yote.