Mguu Uliokatwa Unauma Kweli

Katika yote ninayoyasikia kutoka kwa ndugu wa wagonjwa waliokatwa mguu, hakuna linalonikera kama hili: kwamba anayelalamika kuumwa na vidole ambavyo havipo anadeka, amerogwa, au mguu wake ulizikwa umekunjwa na sharti ufukuliwe unyooshwe. Mgonjwa akishaambiwa hivyo hunyamaza, akaumia usiku kucha bila kuomba dawa.

Mguso huanzia kwenye ngozi, lakini kuuhisi ni kazi ya ubongo. Mwaka 1937, madaktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal, Kanada, walieleza walivyosisimua kwa umeme hafifu gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, nao wakasema wanahisi ganzi au mnyeo kidoleni au mdomoni, ilhali hakuna aliyewagusa hapo. Kila sehemu ya mwili ina nyuroni zake, yaani seli za neva, katika eneo hilo, na nyuroni za mguu haziondoki na mguu. Neva zilizokatwa huendelea kutuma ishara kutoka kwenye kigutu, na ubongo huzipokea kana kwamba zimetoka wayoni. Ndiyo maana mgonjwa hukutajia hata kidole kinachomchoma.

Kwa hiyo, kidonda kikishapona kabisa, kiguseni kigutu hicho, wala msikiogope. Kisugueni taratibu kwa pamba, siku zinazofuata kwa kitambaa laini, kisha kwa taulo, mgonjwa mwenyewe akitazama. Maumivu yakizidi, zipo dawa mahususi za maumivu ya neva, ila daktari hawezi kumwandikia mtu aliyenyamazishwa nyumbani.

Wengine hudhani ngozi yote huhisi sawasawa. Si kweli: ncha ya kidole hutofautisha vichomo viwili vilivyoachana milimita 2 au 3, ilhali mgongoni huhitajika takriban milimita 40. Wala mguso wa mkono wa kulia haupokelewi na ubongo wa kulia, bali wa kushoto.

Lipo pia la wenye kisukari, kwamba mguu usiouma ni mzima. Neva zikishaharibika, msumari huingia na ubongo usipate habari, na wengi ninaowahudumia walianzia hapo. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, kwa kioo kama hawezi kuinama, na atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.